Tamasha la Mtaani Kila Mwezi: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Muziki, Maigizo na Ngoma Nairobi

Nairobi haina uhaba wa wasanii. Pita Jumamosi asubuhi kuanzia Kariobangi hadi Kayole, utasikia kwaya ikinoa wimbo, vijana wa dansi wakirudia hatua ileile kwenye varanda ya shule, na mtu peke yake dirishani akihangaika na gita la benga. Tunachokosa ni mahali pa karibu na siku inayojulikana. Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo ulifunguliwa mwaka 1952 na una heshima yake, lakini mzazi wa Dandora mwenye watoto watatu akipiga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi usiku, tena mvua ikinyesha na makanga wakipandisha bei, anaamua kukaa nyumbani na televisheni.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuleta burudani mlangoni pa mzazi huyo: tamasha la bure au la mchango mdogo, la mchana hadi jioni, lenye muziki, maigizo na ngoma, linalorudi kila mwezi. Nasisitiza kurudi. Watu wengi huanza kwa kutafuta jina kubwa, wakamaliza bajeti yote kwa mtu mmoja, na mwezi unaofuata uwanja ni mtupu. Siku isiyobadilika hujenga hadhira kuliko nyota anayepita. Mtaa ukishazoea kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi kuna kitu, hata msanii asiyejulikana atakuta viti vimejaa.

Kwanza, chagua siku na usiiguse tena

Panga matamasha sita kwa msimu. Zaidi ya hapo kamati huchoka, na chini ya hapo mtaa hausomi mazoea. Nje ya ukumbi, mvua ndiyo inayokuamulia: masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo miezi yako ni Juni, Julai, Agosti na Septemba, kisha mnapumzika hadi Januari na Februari. Hiyo ni sita kamili. Juni hadi Agosti ni miezi ya baridi, na jua likishatua watu wataanza kujikunyata na kuondoka, basi tamasha la Julai lianze na kuisha mapema kuliko la Februari. Januari nayo mifuko iko mitupu baada ya Krismasi na karo. Usitegemee michango mwezi huo.

Siku ninayoipendekeza ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa tisa alasiri. Mishahara imeingia, ibada zimekwisha, Waadventista wameshamaliza Sabato yao jana, na watoto wako nyumbani. Mpinzani wako mkuu ni mpira wa Uingereza. Mechi kubwa ya Jumapili huanza saa kumi na mbili na nusu jioni kwa saa zetu, na Waingereza wakirudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba husogea hadi saa moja na nusu. Angalia ratiba ya ligi kabla ya kuchapisha bango. Manchester United ikicheza na Arsenal, usimweke msanii wako bora saa hiyo. Mweke kabla yake, na wanaume wataondoka wakiwa wameshashiba.

Kamati ndogo, pesa wazi

Watu watano wa kazi wanatosha: mratibu, mweka hazina, msimamizi wa wasanii, msimamizi wa mitambo na uwanja, na mtu wa majirani na serikali. Huyu wa mwisho ndiye anayedharauliwa, ilhali ndiye anayeokoa tamasha. Awe mtu mzima anayefahamika, anayeweza kuingia kwa chifu na kwa mama wa duka akasikilizwa kote kuwili.

Mkitaka kupokea ufadhili au kufungua akaunti, sajilini kikundi. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, na usajili hufanywa na maafisa wa maendeleo ya jamii. Hao kumi wawe wale watano pamoja na wazee, wasanii na wafanyabiashara wa mtaa. Michango ipitie till ya M-Pesa iliyo kwa jina la kikundi. Nambari ya simu ya mtu binafsi huzaa minong'ono hata pale ambapo hakuna shilingi iliyopotea.

Bajeti hutofautiana mtaa kwa mtaa. Tuseme una shilingi 60,000 kwa tamasha moja. Ningezigawa hivi: wasanii 25,000, mitambo ya sauti na fundi wake 15,000, tenti na viti 8,000, vijana wa usalama na huduma ya kwanza 5,000, vibali na ada 4,000, na 3,000 za dharura ambazo haziguswi mpaka dharura itokee. Ukipunguziwa pesa, kata tenti kabla ya kukata wasanii. Watu wa Nairobi wanajua kusimama.

Pesa zitatoka wapi? Wauzaji wa chakula hulipa ada ndogo ya nafasi: smokie pasua, mutura, viazi karai, mahamri. Maduka ya mtaa hutoa vitu kwa urahisi kuliko pesa taslimu, na kreti za maji au viti kumi ni mchango halali, andika kwenye daftari. Hadhira hutoa zaidi ikiombwa mara moja tu, katikati ya shughuli, baada ya onyesho lililowagusa. MC anayeomba kila dakika kumi huwakimbiza watu.

Kuhusu wanasiasa, amueni kanuni kabla hawajafika na muiandike. Pendekezo langu: mheshimiwa anakaribishwa, anatambuliwa kwa jina na MC, anakaa mbele kama mgeni, na hashiki maikrofoni. Tenti yenye picha yake hairuhusiwi. Uchaguzi mkuu wa 2027 ukikaribia utaombwa "dakika mbili tu" na watu wengi, na ukimpa mmoja umewapa wote. Mtaa wenye vyama vitatu hauji kwenye tamasha la chama kimoja.

Mahali

Anza na ulichonacho karibu. Eastlands kuna kumbi za kijamii za kaunti, kama vile Kaloleni, Jericho na Pumwani Memorial Hall kule Majengo. Zimeshaona harusi, mikutano na ndondi, na zina paa, jambo ambalo mvua ikija ghafla huna budi kulishukuru. Omba nafasi kwa maandishi katika idara ya huduma za jamii ya kaunti, na lipia kupitia mfumo rasmi wa malipo ili upate risiti. Mtu akikuambia umpe yeye mkononi "akupangie", ujue siku ya tamasha utakuta kikundi kingine ndani nacho kina risiti.

Kama hakuna ukumbi, fikiria uwanja wa mpira wa kikapu, ua wa shule, au koti, yaani ule uwazi uliozungukwa na nyumba unaoupata Dandora na Buruburu. Uwanja wa kikapu ni rahisi kupimia. Ni mita 28 kwa 15, jumla mita za mraba 420. Chukua mita 8 za upande mmoja kwa jukwaa, mitambo na uwanja wa ngoma, sawa na mita za mraba 120. Zinabaki 300. Ondoa 60 za njia za kupita, unabaki na 240, ambazo zinaketisha watu kama 240 bila kubanana. Tangaza kwa ajili ya idadi hiyo. Usitangaze kwa elfu moja.

Kagua mahali saa ileile ya siku ambayo tamasha litafanyika. Jua la saa kumi linampiga nani usoni? Msanii akiangalia magharibi atakunja uso muda wote, na hadhira ikiangalia magharibi haitamwona. Jukwaa liwe kaskazini au kusini mwa uwanja. Tazama choo kiko wapi na ufunguo wake uko kwa nani. Hakikisha kuna upande mmoja ambao gari la wagonjwa linaweza kuingia bila kupindua mkokoteni wa mtu.

Vibali, bila hofu na bila mzaha

Historia yetu inatufunza kwamba maigizo ya wanakijiji yanaweza kuwatia wakubwa wasiwasi. Kule Kamirithu, Limuru, mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi waliandaa mchezo katika ukumbi wa wazi walioujenga wenyewe. Ulipigwa marufuku mwaka huohuo, na 1982 ukumbi ukabomolewa. Nyakati zimebadilika, lakini karatasi zako ziwe kamili ili mtu akitaka kukusimamisha alazimike kusema sababu ya kweli.

Anza kwa chifu au naibu wake, pamoja na wazee wa Nyumba Kumi. Hawakupi leseni, ila ndio watakaoulizwa. Kisha msimamizi wa wadi. Kisha kituo cha polisi. Sheria ya Utulivu wa Umma inawataka waandaaji wa mikutano ya hadhara kumpa OCS, yaani mkuu wa kituo, notisi si chini ya siku 3 na si zaidi ya 14 kabla ya siku yenyewe. Yako ni burudani, lakini fuata kipimo hichohicho. Barua itaje jina la mratibu na anwani yake, tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali, na idadi ya watu mnaotarajia. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, na hiyo ukae nayo mfukoni siku ya tamasha. Nakala yenye muhuri humaliza mabishano mengi na askari wa zamu ambaye hakuwepo ulipoileta.

Kelele ndiyo sehemu inayohitaji akili. Kanuni za udhibiti wa kelele za 2009 zinahesabu mchana kuanzia saa kumi na mbili na dakika moja asubuhi hadi saa mbili usiku. Baada ya hapo ni usiku. Nje kwenye makazi ya kawaida kipimo ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Kwenye makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani, 55 mchana na 35 usiku. Sasa, desibeli 55 ni karibu na mazungumzo ya kawaida ya watu wawili. Hakuna bendi itakayopiga humo ndani. Kwa hiyo usijidanganye kwamba "tutapunguza sauti". Omba kibali cha kelele mapema, uliza kaunti na NEMA, mamlaka ya mazingira, kuhusu eneo lako, na upange kumaliza kabla ya saa mbili usiku hata ukiwa na kibali. Jirani anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi matatu hajali kibali chako.

Mwisho ni hakimiliki. Bendi ikipiga nyimbo za wengine, au DJ akicheza santuri kati ya maonyesho, ni utumbuizaji wa hadharani na unalipiwa kwa mashirika yanayokusanya mirabaha. Leseni za mashirika haya zimekuwa zikibadilika, hivyo iulize Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ni shirika lipi lina idhini mwaka huo kabla ya kumlipa yeyote anayekuja na kitabu cha risiti. Mchezo wa kuigiza uliotolewa kwenye kitabu teule cha shule unahitaji ruhusa ya mchapishaji au mwandishi. Njia nyepesi ni kuwapa kipaumbele wanaoleta kazi zao wenyewe. Inaokoa pesa na inalea watunzi.

Wasanii: wachanganye kwa makusudi

Tamasha la aina moja huvutia watu wa aina moja. Kwenye kila tamasha uwe na angalau muziki wa aina mbili, onyesho moja la maigizo au ushairi, na ngoma au dansi. Usiwaweke vijana wa gengetone na wazee wa zilizopendwa katika miezi tofauti ukidhani unawaheshimu. Waweke siku moja. Ajabu ya Nairobi ni kwamba shosho atacheza na mjukuu, alimradi kila mmoja apate wimbo wake.

Hazina iko karibu kuliko unavyofikiri. Vikundi vya isukuti vya Waluhya viko mitaani na hutafutwa zaidi kwenye mazishi na harusi. Ngoma hii ya Waisukha na Waidakho iliwekwa mwaka 2014 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, hivyo ukiwaalika unafanya zaidi ya kuburudisha. Kuna wapigaji wa nyatiti na orutu, ala za nyuzi za Waluo, kuna mwomboko wa Wakikuyu wa kodiani na karing'aring'a ya chuma, kuna chakacha ya Pwani, kuna sarakasi. Korogocho, mradi wa Ghetto Classics umekuwa ukifundisha watoto ala za okestra tangu 2008; mtoto wa mtaa akipiga fidla mbele ya majirani zake, watu hunyamaza wenyewe.

Wafuate kwenye mazoezi yao. Video ya simu hudanganya, na kikundi kilichopendeza kwenye sekunde thelathini kinaweza kukosa cha kufanya dakika ya tano. Ukishamchagua mtu, mwandikie ujumbe mmoja wenye kila kitu: tarehe, saa ya kufika, dakika atakazopewa, malipo kamili, atalipwa lini, na atajiletea nini. Usimwite msanii kwa "nauli na chakula" halafu umwite mtaalamu jukwaani. Kama pesa ni kidogo, taja kiasi, naye aamue. Nusu itumwe wiki moja kabla, nusu kabla hajaondoka uwanjani, kwa M-Pesa, mbele ya mweka hazina.

Mwombe pia orodha ya mahitaji: watu wangapi, maikrofoni ngapi, vyombo gani vinachomekwa. Hapa ndipo fundi wa mitambo wa kawaida hukosea, kwa sababu amezoea kanisa na harusi. Mpiga nyatiti huketi chini kwenye kigoda, ana kengele za gara mguuni na pete ya chuma ya oduong'o kidoleni mwa mguu inayogonga ubao wa chombo. Ukimpa maikrofoni ya kuimbia tu, umekata nusu ya muziki wake. Anahitaji tatu: ya mdomo, ya kasha la nyuzi nane, na ya chini karibu na mguu. Isukuti ni kinyume chake: ngoma tatu na pembe zinajitosheleza kabisa, na maikrofoni moja ya kiongozi wa nyimbo yatosha.

Ratiba ndiyo roho ya shughuli

Mpangilio wa maonyesho hauamuliwi na nani mkubwa kuliko nani. Unaamuliwa na mwanga, watoto na masikio. Ratiba ninayoiamini kwa Jumapili ya kawaida ni hii.

Saa tisa alasiri, isukuti au sarakasi, bila jukwaa, ikianzia stage ya matatu na kuingia uwanjani ikifuatwa na watoto. Hili ndilo tangazo lako bora kuliko mabango yote. Saa tisa na nusu, watoto wa mtaa wenyewe: kwaya ya shule, mashairi, dansi. Kila mtoto huleta mama, na mama huleta jirani.

Saa kumi na dakika kumi, mchezo wa kuigiza. Nauweka hapa kwa sababu tatu. Bado kuna mwanga, hivyo nyuso zinaonekana bila taa. Hadhira imeshakaa lakini haijachoka. Na masikio hayajazibwa na bendi. Watu wakishasikia besi ya spika kubwa, sauti ya mwigizaji huwa kama mnong'ono. Mchezo uwe dakika 25, usizidi 30, kwa Kiswahili au Sheng, na waigizaji wacheze chini mbele ya viti, si juu ya jukwaa. Waketishe watoto kwenye mikeka mbele, watu wazima nyuma yao nusu duara, na waigizaji wawe na ukuta mgongoni ili uwarudishie sauti.

Saa kumi na dakika arobaini na tano, mshairi au mchekeshaji mmoja mwenye maikrofoni moja, huku nyuma yake bendi ya kwanza ikipanga vyombo. Weka mtu mwepesi kati ya watu wazito kila mara, ili hadhira isiwahi kutazama nyaya zikichomekwa. Saa kumi na moja, bendi ya kwanza kwa dakika 40. Saa kumi na moja na dakika arobaini na tano, dansi ya vijana, kisha ombi la mchango, mara moja tu.

Saa kumi na mbili, bendi kuu inaanza. Nairobi jua hutua kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro dakika kumi hivi mwaka mzima, na ndio wakati wa swala ya magharibi. Kama msikiti uko karibu, kama Majengo au Eastleigh, muulize imamu saa kamili ya adhana, uiandike kwenye ratiba, na bendi ipumzike robo saa. MC aseme tu kwamba tunapisha swala. Heshima hiyo huenea mtaani kuliko tangazo lolote. Baada ya hapo nusu saa ya mwisho, ya kucheza, na saa moja na nusu mitambo izimwe.

Mitambo na stima

Kwa watu 250 nje, spika mbili za juu na mbili za besi zatosha. Atakayekuletea ukuta wa spika anajitangaza mwenyewe. Zile za juu zipandishwe kwenye stendi kupita vichwa vya watu, zielekezwe chini kidogo kwenye hadhira, na migongo yake ielekee nyumba zenye vyumba vya kulala. Maikrofoni zote ziwe nyuma ya mstari wa spika, la sivyo zitapiga mluzi siku nzima.

Pima sauti kwa kinyume: wa mwisho kwenye ratiba anapimwa wa kwanza, na wa kwanza anapimwa mwisho. Hivyo kipimo kinapokwisha, jukwaa tayari limepangwa kwa ajili ya anayefungua. Anzeni saa tano asubuhi, ila muwaulize kanisa la jirani wanamaliza ibada saa ngapi kabla ya kugonga ngoma.

Stima ichukuliwe mahali halali, kwenye mita ya mtu aliyekubali, na mnunulieni tokeni mapema. Usikubali fundi apandie nguzo. Soketi moja ya ampia 13 kwa volti 240 hubeba kama wati 3,000 tu, basi mitambo iwe na soketi yake, na taa na birika la chai vitafute kwingine. Waya mrefu wa kuongezea ukunjuliwe wote. Ukiachwa umezungushwa kwenye gurudumu lake huku ukibeba mzigo mzito, hupata joto na unaweza kuyeyuka. Nyaya zinazokatiza njia zifunikwe kwa mkeka na kubandikwa kwa utepe. Jenereta ya akiba iwe mbali, upande ambao upepo unatoka uwanjani kwenda kwake, na isijazwe mafuta ikiwa inanguruma.

Ngoma na dansi zinahitaji sakafu. Mbao zilizowekwa juu ya kreti za soda si jukwaa, ni mguu uliovunjika unaosubiri zamu. Kama huna jukwaa imara, fagia ardhi, okota vioo na misumari, kisha nyunyiza maji kidogo ili vumbi litulie.

Kutangaza

Wiki mbili kabla, bango moja lenye maandishi makubwa: siku, saa, mahali, bure. Libandike kinyozi, dukani, kwenye kituo cha maji na stage. Tumia makundi ya WhatsApp ya ploti, ya shule na ya chama cha akiba. Na siku tano kabla, wapelekee ujumbe wanaoishi ndani ya mita mia moja, kando na tangazo la wote. Uwe hivi:

"Habari za leo majirani. Jumapili hii tutakuwa na tamasha la mtaa uwanjani, kuanzia saa tisa alasiri. Muziki utazimwa saa moja na nusu jioni. Ukiwa na mgonjwa, mtoto mchanga au msiba nyumbani, tafadhali tupigie kwa nambari hii tupange namna. Karibuni nyote."

Anayepiga simu mjibuni kwa vitendo. Kama kuna msiba karibu, ahirisha kwa wiki moja na mwende mtoe pole kama kamati. Hiyo ndiyo sababu pekee ninayoijua ya kuvunja kanuni ya siku isiyobadilika.

Siku yenyewe

Vijana wa base, yaani kijiwe chao, iliyo karibu na uwanja ndio walinzi wako. Wape fulana za rangi moja, walipwe kama wengine, na mmoja wao awe kiongozi anayewajibika. Kampuni ya ulinzi kutoka mbali haijui nani ni nani. Kuwe na meza moja ya huduma ya kwanza yenye mtu aliyefunzwa, na pembeni yake mahali pa watoto waliopotea. MC apataje mahali hapo mara tatu. Nambari za dharura ni 999 na 112, lakini mjue pia hospitali ya karibu na mwenye gari aliye tayari.

Wauzaji wa vyakula vya kuchoma wakae upande ambao moshi hauingii kwenye viti. Mifuko ya taka iwe mingi. Picha zipigwe, ila watoto wasionyeshwe sura mitandaoni bila ridhaa ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu hata waandaaji wadogo.

Mvua ikianza, kwanza zima stima kwenye swichi kuu, kisha funika mitambo. Isukuti na kwaya ziendelee chini ya tenti bila umeme huku fundi akikausha nyaya. Muwe mmekubaliana na shule au kanisa la jirani kuhusu ukumbi wa kukimbilia, na mwenye ufunguo awe uwanjani.

Jumatatu na baada yake

Uwanja usafishwe usiku uleule, na kabla ya Jumatatu jioni mweka hazina atume kwenye makundi hesabu fupi: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, pamoja na tarehe ya tamasha linalofuata. Mtu wa majirani apite nyumba zilizo karibu zaidi na spika aulize mambo yalikuwaje. Msimamizi wa wasanii aandike nani alifika kwa wakati, nani alizidisha dakika, na onyesho lipi liliwafanya watu wainuke au waondoke. Hesabuni viti vilivyokaliwa saa kumi, saa kumi na moja na saa kumi na mbili. Namba hizo tatu, mwezi baada ya mwezi, zitawaambia mengi kuliko sifa za mitandaoni, na mfadhili atakapouliza mtakuwa na cha kumwonyesha.

Tamasha la pili mara nyingi hupata watu wachache kuliko la kwanza, kwa kuwa wa kwanza walikuja kutazama kioja. Usibadilishe kitu. La tatu ndilo la kupimia. Viti vikiwa bado nusu tupu kwenye tamasha la tatu, badilisha saa ya kuanza au sogeza uwanja karibu na stage kabla ya kugusa orodha ya wasanii. Baada ya la nne, anza kuwafundisha wengine wawili kazi ya mratibu, wamsindikize kwa OCS na kwa chifu, ili msimu wa Januari uanze hata wewe ukiwa umesafiri ushago.